Mnyororo wa Punda Ndani ya Kabati la Kioo

Mwanangu Hawa,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, na dua nitakusomea ukiwa umeshapanda lori, kwa hiyo hapa naziruka zote mbili. Mambo ya sabuni, ya mafuta ya nywele na ya namna ya kukaa na shangazi yako pale Kariakoo, mama yako ameyasema tangu Ijumaa na sidhani kama amesahau hata moja. Jana nilimsikia akikufundisha kukunja shuka. Msichana wa miaka kumi na tisa, anayekwenda kusomesha watoto wa watu! Ilibidi nitoke nje nicheke.

Mimi nina langu moja tu. Nimekaa nalo miaka mingi, na limenichosha.

Ukiwa mjini utazuru. Nakujua. Tangu ungali mdogo ulikuwa ukinifuata Kaole kwenye magofu, unapanda kuta, unaniuliza aliyelala kaburi hili ni nani na yule ni nani, mpaka wageni wangu wanachoka na wewe. Na kwa kuwa sasa u mwalimu, utawapanga wanafunzi wako wawili wawili uwapeleke kuona vitu vya kale. Siku moja utaingia ile nyumba ya makumbusho. Ndani yake, ukutani, kuna picha ya bibi yako Salama. Ndiyo, bibi yako mzaa mama, huyu huyu wa vitumbua, Mungu amrehemu. Chini ya picha pana kabati la kioo lenye mnyororo, na kando ya mnyororo pana karatasi yenye maneno. Maneno yale ni ya uongo, Hawa, na aliyeyasema ni mimi baba yako. Nataka uyasikie kwangu kabla hujayasoma huko.

Sasa usianze kurukaruka mistari kutafuta mwisho. Soma polepole. Nianze na mambo ninayoyajua vizuri, maana kazi ya kutembeza wageni nimeifanya miaka kumi na miwili hapa Bagamoyo, na kuna mambo ya kuzuru mji ambayo hutayakuta kitabuni.

Nenda asubuhi, siku ya kazi, jua halijapanda. Usikubali mtu akuonyeshe mji mzima kwa siku moja. Mie nilikuwa nikiwazungusha wageni Boma, makaburi ya Wajerumani, pale palipokuwa pakilala misafara, kisha Kaole, yote kabla ya adhuhuri. Wakirudi garini ukiwauliza wameona nini, hawakumbuki ila kiu. Wewe chagua kitu kimoja. Kama ni mlango, basi mlango. Usimame mbele yake mpaka uuchoke, halafu ukae kidogo zaidi, maana hapo ndipo utaanza kuuona.

Ukiingia nyumba yoyote ya namna hiyo, mwamkie mfagiaji. Yule mwenye kofia na funguo atakuambia alichoambiwa aseme. Mfagiaji ndiye anayejua kipi kilihamishwa, kipi kilivunjika kikaungwa, na kipi kililetwa juzi tu. Mpe shikamoo yake na umuulize watoto hawajambo. Usiwe na haraka naye.

Yule askari wa shaba aliyesimamishwa njia panda, watu wote humtazama usoni. Wewe pita nyuma yake pia. Simama kwenye kisogo chake uone watu wanavyopita chini yake na baiskeli zao bila kuinua macho, ndipo utajua mji unamchukuliaje. Wapeleke na watoto, watapenda ile bunduki. Lakini vaa viatu vya kutembea, usinivalie vile vyenye kisigino alivyokupa mjomba wako, utarudi nyumbani umevishika mkononi.

Na vitu vya kabatini, tazama kitu kwanza, karatasi baadaye. Ukisoma kwanza, macho yako yataona kilichoandikwa tu. Ukishasoma, jiulize: hawa nani aliwaambia? Kila karatasi ina mtu nyuma yake aliyefungua mdomo. Huenda alikuwa mkweli, huenda alikuwa na njaa, huenda alikuwa anataka kusifiwa. Na ukikuta mtembezaji ameshusha sauti ghafla na kukusogelea, shika moyo wako, hapo ndipo anapoanza kudanganya. Naijua sauti hiyo. Nilikuwa nayo.

Wageni wa Bagamoyo wakishuka garini walikuwa na swali moja: minyororo iko wapi? Nikiwaonyesha milango, visima, makaburi yenye nguzo, walitikisa kichwa kwa adabu huku wakijipepea. Lakini nikitaja watumwa tu, loo, wananikaribia wote, na macho yanawatoka. Nikayapenda yale macho. Usidhani nilifanya kwa ajili ya bakshishi, maana waliotoa walitoa hata nisipodanganya. Nilipenda kusikilizwa. Nyumbani kwetu mimi ni mtoto wa sita, hakuna aliyewahi kuningoja nimalize sentensi.

Basi ikawa vita vya pili vya Wazungu vimekwisha, wewe una miaka kama kumi na moja, akaja mama mmoja wa Kizungu. Mpole kabisa, amevaa kofia ya ukili, kila kitu anakiandika kwenye daftari. Akaniambia anakusanya vitu vya kale vya kuwekwa mjini ili watu wajifunze. Je, hakuna chochote kilichobaki cha zama za watumwa?

Mwenye akili angesema hakuna. Mimi nikampeleka nyuma ya ghala la mbata. Pale ukutani ulikuwa ukining'inia mnyororo wenye pingu moja, umeshika kutu vizuri. Nilikuwa naujua mnyororo ule tangu utoto wangu. Ulikuwa wa punda wa Kimaskati wa mwenye ghala, punda mweupe, mkorofi asiyemithilika. Alivunja mlango wa ghala mara mbili, na siku moja alimpiga teke mwadhini, ndipo akafungwa mguu wa nyuma. Punda alikufa, mnyororo ukabaki.

"Huu ulikuwa wa nini?" akaniuliza.

Nikashusha sauti. "Mama, huu ni wa watumwa."

"Una hakika?"

"Wallahi."

Niliapa, Hawa. Kwa hiyo usiwalaumu watu wa nyumba ile. Waliandika walichoambiwa na mtu aliyeapa mchana kweupe akiwa na kofia kichwani.

Ingeishia hapo ningekuwa na dhambi moja ya mnyororo. Lakini tulipokuwa tukirudi garini yule mama akaniuliza, kwa huruma ya kweli, kama yupo bado mtu yeyote aliye hai aliyewahi kufungwa nao. Na wakati huo tunapita mbele ya nyumba yetu, bibi yako yuko kibarazani anaopoa vitumbua vya mwisho. Mimi nikanyoosha kidevu. "Yule pale," nikasema.

Mama mkwe wangu! Mtu ambaye hata kukaa naye jamvi moja nilikuwa naona haya.

Utaniuliza kwa nini yeye. Wallahi sijui, na safari hii ni kiapo cha kweli. Alikuwa mzee, alikuwa karibu, basi. Sikujua lolote la asili yake. Hapa kwetu mtu haulizwi alikotoka, unajua mwenyewe. Tunaulizana hali, watoto, mihogo ya shamba, mvua imenyesha huko Makurunge au la, lakini tukikaribia ukoo wa mtu tunageuza mazungumzo. Tunaita adabu. Ni adabu kweli, imewasitiri wengi. Lakini wengine imewafanya wazeeke bila mtu hata mmoja kuwauliza mama yao alikuwa nani.

Yule Mzungu akataka picha. Nikamwendea bibi yako, nikamwambia, "Mama, huyu mgeni amevipenda vitumbua vyako, anaomba akupige picha." Akatengeneza mtandio, akajifuta unga mikononi, akakaa wima kama bibi harusi. Alifurahi, Hawa. Siku ile nzima alikuwa na furaha. Mpaka leo hilo linaniuma kupita yote.

Mwaka uliofuata nilikwenda Dar kumtazama shangazi yako, nikasema ngoja nikaone kazi yangu. Naam, nilikwenda kwa majivuno, nimevaa kanzu ya Idi. Nikaikuta picha, nikaukuta mnyororo umepakwa mafuta unang'aa, na mbele yake watoto wa shule na mwalimu wao. Mwalimu akaisoma karatasi kwa Kiingereza, kisha akawafasiria: bi kizee huyu wa Bagamoyo alifungwa mnyororo huu alipokuwa mtoto.

Watoto wakasogelea kioo. Mmoja akasema, "Maskini."

Kasichana kamoja kembamba, kalikokuwa mbele, kakauliza, "Mwalimu, jina lake nani?"

Mwalimu akainama, akatazama karatasi juu na chini. "Haikuandikwa," akasema.

Mimi nimesimama pale, mkono mmoja tu kutoka kwa yule mtoto. Neno lenyewe ni moja, Salama, na nilikuwa nalo ulimini. Nikakohoa, nikavaa kofia yangu, nikatoka nje. Uongo wa kwanza niliusema kwa upumbavu, huo nimejisamehe kidogo. Huku kunyamaza sijajisamehe.

Bibi yako hakuchelewa kujua. Kijana mmoja aliyekuja likizo kutoka mjini alisimama kibarazani kununua vitumbua akapiga kelele, "Bibi, wewe upo ukutani huko mjini!" Bibi akamkalisha, akamuuliza picha ikoje, kando yake pana nini. Kijana akaeleza yote, hata maneno ya karatasi. Jioni nikaitwa. Nikavua kofia, nikakaa chini sakafuni, macho kwenye mkeka. Yeye anachochea moto.

"Kibwana."

"Naam, mama."

"Mnyororo wa nani huo?"

"Wa punda, mama."

"Punda yupi?"

"Yule wa ghala la mbata."

"Aliyempiga teke mwadhini?"

"Huyo huyo, mama."

Nikadhani atacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Akatia mafuta kwenye kikaango, akangoja yapate moto.

"Mie sikufungwa," akasema. "Mie nilibebwa."

Nikainua kichwa bila kutaka. Ndipo akaniambia, kwa maneno machache, jambo ambalo hakuna mtu wa nyumba hii aliyelijua, hata mama yako. Aliletwa na msafara kutoka bara, huko Unyamwezi, mdogo kiasi cha kutojua miaka yake. Mwanamke mmoja ambaye si mama yake, naye ni mtumwa vilevile, alimwokota njiani kwa sababu alikuwa analia na wenzake wanampita. Akamfunga mgongoni, na kichwani ana chungu alichopewa akibebe. Miezi na miezi. Mgongo ukimuuma anamhamishia begani.

"Wewe umemtoa huyo mwanamke," akaniambia, "umetia mnyororo wa punda. Ungeniuliza ningekuambia."

"Jina lake nani, mama?"

"Sasa ndiyo unauliza," akasema. Akanipa kitumbua cha moto mkononi, akanigeuzia mgongo. Asubuhi yake akaniletea chai kama kawaida, na hakulitaja tena jambo lile. Mama yako ndiye aliyeninunia. Miezi mitatu chakula ananiwekea akitazama ukuta. Wewe ukawa unauliza, "Baba, mama anaumwa jino?" Nikawa nasema ndiyo.

Toka siku ile niliacha kutembeza wageni. Uliambiwa ni magoti. Magoti yangu hayana ubaya wowote.

Bibi yako alipougua ule ugonjwa wake wa mwisho, nikawa nakwenda kukaa naye kila siku baada ya alasiri. Unakumbuka, ulikuwa unanikuta pale na upepeo wa ukindu mkononi, unanitania kwamba nimekuwa yaya. Sikumuuliza kitu. Nilikuwa nimejifunza kwamba kuna kuuliza kwa kutaka kujua na kuna kuuliza kwa kutaka kusamehewa, na swali langu lingekuwa la aina hiyo ya pili. Nikampepea tu. Siku moja, bila kufungua macho, akasema, "Nyamizi."

Nikadhani anaomba maji.

"Nyamizi," akarudia. "Alikuwa akiimba puani. Alikuwa hana meno mawili ya mbele. Begani alikuwa akiniweka kushoto, kulia palikuwa na kidonda." Akapumzika. "Tulipofika hapa alinishusha. Akanifunga kitambaa chake kiunoni, akaniambia kaa hapa. Nikakaa."

"Yeye akaenda wapi, mama?"

"Waliwavusha ng'ambo. Mie nilikuwa na homa, wakaniacha." Kisha akafungua macho akanitazama sawasawa, mara ya kwanza katika miaka yote ya ukwe wetu. "Hawa aambiwe akishakuwa mtu mzima. Na aambiwe lote. Msimwambie nusu."

Basi nimekuambia lote, mwanangu. Nimefanya kama alivyosema, ila nimechelewa mpaka siku ya mwisho kabisa, kama kawaida yangu.

Najua ninachokubebesha. Zipo nyumba hapa pwani ambazo zikisikia bibi yako aliletwa na msafara hazitaleta posa. Watakaa barazani wanywe kahawa yetu, wakitoka watatikisa vichwa. Kwa maoni yangu nyumba hizo zikutupe mapema na wewe uzitupe, lakini mimi siye nitakayeolewa. Na wapo watakaosema, baba yake mwongo. Hao watakuwa wamesema kweli.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Nimeiandikia nyumba ile ya makumbusho, kwa mkono wangu, na nimetia sahihi. Nimeandika kwamba mnyororo ni wa punda, na kwamba niliapa uongo. Nimeandika kwamba aliye pichani ni Salama, mpika vitumbua wa Bagamoyo, aliyebebwa kutoka bara mgongoni mwa mwanamke aitwaye Nyamizi. Sikuandika zaidi. Utasema, kwa nini baba usiipeleke mwenyewe? Nimekwenda. Mara mbili nimefika kwenye ngazi za nyumba ile. Mara ya kwanza nikajiambia watu wamejaa, mara ya pili nikajiambia wakati wa sala umeingia, na wallahi ilikuwa saa tatu asubuhi. Baba yako ni mwoga, Hawa. Hilo nalo ulijue, maana ulikuwa ukiniona hodari kwa sababu sikuogopa nyoka kule Kaole.

Sikuamrishi. Ukiona ni mzigo, ichome moto, usiniambie, na sitakuuliza. Nitakupenda vile vile, na vitumbua vya mama yako nitakuletea vile vile kila nikipata lori. Lakini nikisema kwamba kwangu ni mamoja, nitakuwa nimedanganya tena. Natamani uipeleke. Natamani yule mtoto mwingine atakayeuliza jina apewe jina. Na ukitaka nije nisimame nawe, tuma salamu kwa shangazi yako tu, nitakuja, na safari hii utanishika mkono nisigeuke ngazini.

Ila nakuomba jambo moja, na hili ndilo ombi langu lote kwako unapotoka nyumbani kwangu. Siku utakayoipeleka, watakuuliza karatasi hii imetoka kwa nani. Usinisitiri. Usiseme "mzee mmoja wa Bagamoyo." Sema "baba yangu." Kisha uwaonyeshe ukutani, na wanafunzi wako wawe wanasikia, useme kwa sauti ile ile, "Na huyu ni bibi yangu."

Mimi baba yako mwenye kukupenda,
Kibwana, aliyekuwa mtembezaji wa wageni